Matumbo Matatu ya Jiwe

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mlima wa machimbo nilipochukua sweta nyekundu ya Dou na bakuli la mchele, nikateremka kivukoni kwenda kuiita roho yake. Haikuwa safari ya ajabu. Karibu kila mama wa kijiji chetu ameshawahi kuifanya. Mtoto akishtuka sana, roho yake hubaki palepale aliposhtukia, kama kiatu kilichonasa kwenye tope, na mama huifuata jioni kabla giza halijaziba njia.

Nasimulia kama ilivyokuwa. Shemeji yangu aliyehamia Wenzhou huisimulia habari hii akitia upepo na mbwa wanaolia. Hapakuwa na upepo. Mbwa wa jirani alikuwa amelala juu ya majivu. Yeye hakuwapo, mimi nilikuwapo. Na kwa kuwa waliobaki wa ukoo wa Zhan wameniachia mimi kazi ya kukumbuka, sitaongeza kitu.

Ilikuwa miaka ile watu waliporuhusiwa tena kuchonga mawe majumbani, katika majira ya baridi, siku chache kabla ya mwaka mpya wetu. Dou, binti yangu wa pekee, alikuwa na umri wa miaka sita. Alikuwa na jina lake la heshima, lakini nyumbani tulimwita Dou, yaani haragwe, kwa sababu alizaliwa mdogo sana. Alikuwa akicheza kivukoni mkokoteni wa mawe ulipopinduka karibu naye. Hakuguswa hata na kokoto. Alirudi kwa miguu yake, akaketi, akanyamaza. Kulipokucha alikuwa na homa. Daktari wa zahanati alimchoma sindano, homa ikashuka, lakini macho hayakufunguka. Pumzi ikawa inakwenda kwa kudonoa, kama kuku mgonjwa anavyodonoa nafaka.

"Mapafu safi, moyo safi," alisema daktari. "Kesho mpandisheni basi la asubuhi, mkamwone daktari mkubwa mjini."

Mama mkwe wangu alimsindikiza mpaka nje kwa adabu zote, kisha akarudi akaniambia, "Basi litabeba nini? Mwili? Mwenyewe yuko kivukoni. Cuiyun, nenda kamlete. Hatafika asubuhi hivi alivyo."

Basi nikaenda.

Kivuko chetu zamani kilikuwa na shughuli nyingi. Vyelezo vya mianzi vilisimama pale kupakia mawe kabla ya kushuka hadi mto Ou. Barabara ilipojengwa, vyelezo vikaisha, na wanaume waliozama na vyelezo vyao wakabaki bila mtu wa kuwataja. Nilijua hilo. Kila mtu alijua. Ndiyo maana mwitaji hutupa mchele kwanza, ili wenye njaa wainame kuokota, naye apate nafasi ya kumwita wake.

Nilitupa mchele. Nikafungua sweta, nikaikunjua juu ya maji.

"Dou ee! Usiogope, rudi nyumbani! Dou ee, rudi nyumbani!"

Maji yalikuwa kimya.

Niliita tena. Niliita mpaka sauti ikakwaruza. Ndipo nikaihisi sweta mikononi... Ilikuwa ikipata uzito. Kidogo tu, kama paka anapokubali kukaa mapajani. Nikaikunja upesi, nikaikumbatia kifuani, nikageuka kuelekea nyumbani. Ilikuwa ya moto. Naapa ilikuwa ya moto.

Sharti la njiani ni kuendelea kuita, na aliye nyumbani aitikie. Nilipofika kwenye kona ya kisima nilimsikia mama mkwe mlangoni.

"Dou ee, rudi nyumbani!"

"Amerudi!"

"Dou ee, pita hapa, usipotee!"

"Amerudi, amerudi!"

Kitu kimoja kilinisumbua. Harufu. Ilianza nyuma yangu kivukoni na haikubaki kivukoni. Harufu ya mianzi iliyooza majini. Nilipoharakisha nayo iliharakisha. Nikajiambia ni tope la viatu vyangu.

Nyumba yetu ilijengwa kama nyumba nyingi za wachongaji. Chumba cha mbele ni cha kazi. Ukitaka kwenda vyumba vya kulala, sharti upite kati ya benchi na ndoo za maji ya kulowekea jiwe. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kikapu chake cha makaa kimefichwa chini ya aproni kupasha mikono joto. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye madoa ya ugoro puani ambayo hayakuwahi kutoka. Alinipisha. Nikavuka kizingiti na mzigo wangu kifuani. Nikapita mbele ya benchi.

Na sweta ikawa sweta.

Uzito uliondoka. Joto likaondoka. Nilikuwa nimekumbatia sufu tu.

Mama mkwe hakuwa ameona. Alifunga mlango kama desturi inavyotaka, akauliza swali la mwisho, lile ambalo huulizwa kwa furaha, "Dou, mjukuu wangu, umerudi?"

"Nimerudi, bibi."

Sauti ilikuwa ya Dou. Lakini Dou alikuwa chumba cha ndani, na sauti ilitoka benchini.

Ilikuwa nyembamba, yenye mwangwi mdogo, kama mtu anayesemea ndani ya shingo ya chupa.

Juu ya benchi palikuwa na chupa za ugoro alizokuwa akichonga mume wangu, Kaisong. Ukoo wa Zhan ulijulikana kwa kazi hiyo tangu enzi za babu zake: chupa za jiwe la sabuni zenye maumbo ya wanyama, kila moja ya kujaa kiganjani. Hizi ziliagizwa na mfanyabiashara aitwaye Guo, aliyekuwa akizipeleka Hong Kong. Sungura na samaki walikuwa bado mawe mazima, wamechongwa nje tu. Lakini chura, kware na nyani walikuwa wameshatobolewa mchana ule. Chura alikuwa wa kijani kilichofifia kama chai iliyopoa, kware wa hudhurungi, nyani mweusi amejishika magoti. Wamepangwa kwenye ubao, midomo juu, wakauke.

Midomo wazi.

Mama mkwe aliitazama. Hakupiga kelele. Aliweka kikapu cha makaa chini polepole.

"Kaisong!"

"Naam, mama!" Alikuwa jikoni, anayeyusha nta ya kung'arishia.

"Njoo. Na usiwashe taa."

Alikuja akijifuta mikono. Mama yake alinyoosha kidole.

"Nani kayaacha matumbo wazi?"

"Mama, nilikuwa nangoja nta..."

"Sikuuliza nta. Ugoro uko wapi?"

"Guo hataki ugoro. Anasema wanunuzi wake wanalalamika harufu. Wanaziweka kwenye kabati la kioo, mama. Hawanusi kitu."

"Wao hawanusi. Na chura je? Ulimuuliza kama hanusi?"

Hapa sina budi kueleza, kwa sababu wajukuu wanaozaliwa mbali na mawe hawayajui haya. Mnyama wa jiwe akiwa mzima ndani, ni jiwe. Ukimtoboa mdomo, ukapitisha waya uliopinda ukamkwangua mpaka akawa na tumbo, hapo umempa njaa. Sharti la nyumba ya Zhan lilikuwa moja: chupa ikipata tumbo isione giza ikiwa tupu. Hata kama imebaki kazi ya wiki nzima, unaitia ugoro kidogo, unaiziba kwa kizibo kilichochongwa kabla ya tumbo, ndipo unawasha taa. Miaka mingi hapakuwa na kazi ile, wala ugoro. Kaisong alifundishwa mkono wa baba yake, lakini sharti lile alilichukua kama mambo ya wazee. Na jioni ya kuita roho, katika nyumba yenye njia moja tu ya kuingilia, alikuwa ameacha matumbo matatu wazi, yenye njaa.

"Dou yuko ndani ya mmoja," alisema mama mkwe. "Yupi?"

Nilipiga magoti mbele ya benchi. "Dou," nikanong'ona, "mwanangu, ni mama. Uko wapi?"

"Niko hapa," ikasema sauti kwa kware.

"Niko hapa," ikasema sauti kwa chura.

Nikamgeukia nyani.

"Niko hapa, mama," akasema nyani.

Zote zilikuwa sauti ya Dou. Zote. Na ile harufu ya mianzi iliyooza ikajaa chumbani, ikapanda juu ya harufu ya nta, mpaka Kaisong akashika pua.

"Hakuja peke yake," mama mkwe alisema taratibu. "Umeita kwa sauti kubwa, Cuiyun. Mama akiita vile, hata asiye wake husikia."

Nilimwona mume wangu akinyakua nyundo. Mama yake alimshika kifundo cha mkono.

"Ukivunja unamwaga. Umwagie wapi? Sakafuni? Ukamzoe na ufagio?"

"Basi nifanye nini, mama? Niambie nifanye nini!"

"Kwanza funga mdomo. Leo umeacha midomo mingi wazi."

Kutoka chumba cha ndani tulisikia pumzi ya mtoto ikikwama, ikakaa, ikaendelea. Safari ile ilikaa sana.

Nilijaribu akili niliyokuwa nayo. Nilisoma sekondari, niliamini swali zuri humfichua mwongo. "Dou, bibi alikupikia nini siku ya ubaridi mkali?"

"Magimbi," akajibu kware. Ilikuwa kweli. Na papo hapo wengine wawili, "Magimbi. Magimbi."

"Na paka wa jirani unamwitaje?"

"Mzee Chumvi," akajibu chura, wa kwanza. Ilikuwa kweli pia. Wengine wakarudia.

"Kwa sikukuu ijayo uliniomba nini?"

"Viatu vyenye maua," nyani akasema haraka, kabla ya wote, na nikasikia kicheko kidogo, kicheko cha Dou. Kisha wote watatu wakacheka.

Nikaondoa mikono benchini.

"Acha," alisema mama mkwe. "Wanaazimana. Alicho nacho mmoja wanakula wote. Ukiendelea kuuliza utawalisha tu."

Njia ya kumrudisha ilikuwa moja, na wote tulioolewa au kuzaliwa katika nyumba ya chupa tungeweza kuikisia. Kilicho ndani ya chupa ya ugoro huingia kwa pua. Ungemwekea Dou mdomo wa chupa puani, naye angevuta. Lakini ungemvutisha ipi? Akivuta mgeni, mgeni huyo ndiye angeamka kitandani mwangu, na Dou angebaki jiweni mpaka Guo ampakie kwenye basi.

Kaisong alianza kulia. Sikuwahi kumwona akilia. "Nitavuta mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea. Nitavuta hawa wengine, abaki yeye."

"Utawajuaje?" mama yake akamuuliza. "Wewe pua yako haijawahi kunusa kitu zaidi ya supu. Kaa hapo." Akavuta kigoda, akaketi mbele ya benchi, akakunja mikono ya koti lake kama mtu anayetaka kupura mpunga. "Mimi nimevuta ugoro tangu sijaolewa. Najua kuvuta, najua kuzuia chafya, najua kuiachia. Nitaonja. Akiwa mgeni, nitamzuia humu. Akiwa Dou, nitampigia chafya usoni mwa mtoto, arudi kwake."

"Mama," nikasema, "na ukimzuia mgeni... atatoka lini?"

Alinitazama. Nilikuwa nimeishi naye miaka minane, na hakuwahi kunisifu hata kwa chumvi ya mboga.

"Mlete mtoto," alisema. "Mlaze hapa mapajani mwako. Na wewe, Kaisong, tafuta ugoro wangu chini ya mto, na vizibo vyote. Ukiona chupa imetoka puani, jaza, ziba. Usifikiri. Kufikiri kumetosha."

Nilimleta Dou. Alikuwa mwepesi mno. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jiwe.

Mama mkwe alimchukua chura kwanza. Alimshika kama alivyokuwa akishika chupa yake kila asubuhi, kati ya kidole gumba na cha kati. Akaziba tundu moja la pua.

Akavuta.

Ulitoka mlio mdogo ndani ya jiwe, kama maji ya mwisho yanapoondoka kwenye beseni. Shingo yake ilikaza. Machozi yakamtoka. Uso wake uliinuka, ukakunjamana, chafya ikaja mpaka kwenye midomo... na akaimeza. Nilisikia ikishuka.

"Si yeye," alisema kwa sauti nzito.

Kaisong akajaza chura ugoro, akamziba.

Wakabaki wawili. Kisha kware akaanza kunong'ona, "Bibi, usinivute. Bibi, ni mimi." Na nyani akanong'ona hivyohivyo, neno moja nyuma yake. "Bibi, usinivute. Bibi, ni mimi."

Dou alivuta pumzi. Nikangoja nyingine. Haikuja.

"Mama!" nilipiga kelele. "Mama, hapumui!"

Mama mkwe alimnyakua nyani, akavuta kwa nguvu mpaka jiwe likampiga jino. Mwili wake wote ulitikisika juu ya kigoda. Kikapu cha makaa kilipinduka, makaa yakatapakaa sakafuni, na kwa mwanga wao mwekundu niliuona uso wake. Chafya ilikuja. Ilikuja mara mbili, akaimeza mara mbili, kama ile ya chura. Alishika meza kwa mikono miwili.

"Ni yeye? Mama, ni yeye?"

Alimsukumia Kaisong nyani, amjaze.

"Mama!"

"Si yeye," alisema. Lakini alichelewa. Na aliposema hakunitazama mimi, alimtazama kware.

Hapakuwa na muda. Nilimchukua kware mwenyewe, nikauweka mdomo wake kwenye pua ya mwanangu, nikaziba tundu la pili. Kifua kidogo kilikuwa kimetulia. "Vuta," nilimwambia. "Vuta, vuta, vuta..."

Ule mlio. Maji ya mwisho kwenye beseni.

Kifua kikapanda.

Dou alipiga chafya kubwa, akajikunja, akalia. Akafumbua macho. Aliniangalia mimi, akamwangalia baba yake, akaangalia makaa sakafuni.

"Nina kiu," alisema.

Sitaeleza furaha yetu. Alikunywa maji, akanywa uji, akaomba tena uji. Rangi ilimrudi mashavuni tukimtazama. Kaisong alimpigia mama yake magoti, kichwa kikagonga sakafu, mara nyingi mno kwa mtu mzima. Mama mkwe aliinuka, akaenda kulala na nguo zake.

Asubuhi Guo alikuja na sanduku lake la pamba. Alifungua kizibo cha nyani, akanusa, akapiga chafya mpaka kofia ikaanguka.

"Kaisong! Nilisema tupu! Hawa wateja wangu wana pua za kifalme."

"Wazioshe wenyewe," alisema Kaisong. "Zikishatoka kwangu."

"Umekuwa mkali siku hizi. Umeota pembe?" Guo akacheka, akaanza kufunga. Alipotoka alimkuta mama mkwe ameketi kizingitini, anatazama barabara ya kivukoni. "Bibi, hujambo? Unaota jua?"

"Maji yamepanda?" mama mkwe alimuuliza.

"Maji gani, bibi?"

"Chelezo changu kimepita? Nilikifunga vibaya. Kimepita?"

Alisema kwa lafudhi ya watu wa mtoni, wale wa juu kabisa, ambao sisi hata kuwaelewa ni taabu. Mama mkwe wangu alizaliwa mtaa wa pili. Guo alicheka tena, lakini kidogo. "Bibi, chelezo cha mwisho kilipita mimi sijaota meno." Akabeba sanduku lake, akaenda kwa haraka kuliko alivyokuja.

Hivyo mmoja wao tulimjua. Alikuwa mtu wa chelezo, na hakuwa mkorofi. Jioni alikwenda kivukoni kwa miguu ya mama mkwe, akasimama, akarudi imelowa. Alikula wali mwingi mno, mkavu, bila mboga. Siku nyingine alikuwa mama mkwe kabisa, akanigombeza kwa ajili ya chumvi, nami nikashukuru kugombezwa. Kaisong alimwuliza wakati mmoja, katika siku hizo nzuri, "Mama, na yule wa pili? Wa nyani? Ni nani?"

"Hasemi," alijibu. "Amekaa tu. Mwache akae."

Akainuka kwenda kumwaga maji ambayo hayakuwa machafu.

Dou alipona. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kuna wanaonong'ona. Alipona akawa na afya kuliko awali. Masika yalipoisha alianza shule, akashika herufi upesi, mwalimu akamsifu. Alinisaidia kuchambua mboga bila kuombwa. Sina lalamiko hata moja juu ya mtoto yule. Alikuwa mpole. Alilala moja kwa moja, amenyooka, mikono kando ya mwili, mpaka asubuhi.

Mama mkwe alianza kudhoofika wakati wa mvua za majira ya joto. Mwishoni hakuweza kukaa peke yake, aliogopa. Ndiyo, yeye. Ilinibidi nilale kando yake baada ya chakula cha mchana ili apate usingizi. Mchana mmoja mvua ilikuwa inamwagika juu ya vigae, Kaisong yuko machimboni, nami nimejilaza kitandani kwake nikimtazama anavyopumua. Nikasinzia.

Niliamshwa na mkono.

Ulikuwa mkono wa kizee, mkavu, wenye nyufa za vumbi la jiwe. Ulipapasa shingo yangu, ukapanda, ukatafuta sikio langu la kushoto. Ukalishika pembe ya chini, pale penye nyama laini. Ukaanza kulisugua kwa kidole gumba na cha shahada. Taratibu. Kama mtu anayesugua punje.

Hakuna mtu mzima anayelala hivyo. Namjua mmoja tu aliyelala hivyo, tangu siku ya kwanza nilipomnyonyesha, kila usingizi wake, mpaka jioni ya mkokoteni. Na baada ya kupona kwake sikuwahi kujiuliza kwa nini sikio langu lilikuwa limepumzika. Nilifikiri amekua.

Sikusogea. Sikuweza hata kulia, nisije nikamwamsha.

Mlango ukafunguka. Dou alikuwa ametoka shule, nywele zinadondosha maji. Alisimama akatutazama. Alitazama ule mkono kwa muda.

"Mama," alisema kwa upole wake wote, "hapo ni pangu."

Nilisogea, nikampa nafasi upande wa kulia. Alivua viatu vyake vyenye maua akavipanga, akapanda, akajilaza amenyooka. Nilikaa katikati yao mpaka mvua ikakatika, nikisikiliza pumzi mbili. Sikio la kushoto lilikuwa limeshikwa. Nilingoja sana, sana, kuona kama na la kulia litashikwa.